Fimbo Niliyowabebesha Wanafunzi wa Yesu

Nyinyi vijana mnaoshika maiki sasa, kaeni kidogo tuongee. Na msinicheke mkisikia nimestaafu na hamsini bado sijafika. Si mimi nimestaafu, ni koo. Miaka kumi na sita nimesimama kando ya pasta, yeye anasema Kiswahili, mimi narudisha kwa Kiturkana. Kila Jumapili, na mazishi, na harusi, na maombi ya mvua ambayo mnajua huwa hayaishi haraka. Daktari aliangalia huko ndani na ile taa yake akaniambia, "Mama, ukiendelea kupigia hii koo kelele utabaki unaongea na mikono." Basi nimewaachia.

Lakini naona vile mnakuja mkikimbia na simu. "Mama Ekai, ona hii! Biblia hapa inasema hivi, na hapa inasema vile!" Mnahema kama watu wameona nyoka chooni. Mwingine juzi amekuja na video, uso umekauka, anataka nimpe jibu kabla bundles ziishe. Mimi hizo video na hizo karatasi siziogopi tena. Kuna wakati nilikuwa naziogopa sana, na nilifanya kitu kibaya kwa sababu ya huo woga. Hiyo ndiyo nataka niwaambie, kwa sababu mtaifanya pia, na mtadhani mnasaidia.

Kwanza hii kazi yenyewe. Aliyenifundisha ni Mwalimu Esinyen, ambaye alikuwa anatafsiri kabla yangu. Mtu mwembamba, mkali, suruali moja ya kijani miaka yote. Mimi nilikuwa nimetoka tu kwa darasa ya jioni ya watu wazima. Nilianza kusoma nikiwa na watoto wawili, na wa pili nilikuwa namnyonyesha nikiandika a-e-i-o-u. Esinyen hakujali. Alinionyesha vile utafsiri unabebwa. Usimwache pasta ajaze gunia, aliniambia, akisema sentensi mbili mguse kiwiko. Usimwangalie pasta, angalia yule mama wa mwisho kabisa karibu na mlango. Yeye akiacha kupepea uso na leso, umempoteza.

Halafu alikuwa na mtihani wake. Jumamosi ananisomea mistari kwa Kiswahili, mimi nasema kwa Kiturkana, halafu anaita mtu yeyote anapita nje, muuza makaa, mtu wa boda, mtu yeyote, anamwambia, "Huyu amesema nini? Nirudishie kwa Kiswahili." Basi hapo ndipo unajua umemwaga ngapi njiani. Siku moja somo lilikuwa juu ya dhambi kuwa nyeupe kama theluji. Mimi nikasema nyeupe kama maziwa, maana nani anajua theluji hapa Isiolo? Esinyen aligonga meza.

"Kitabu imesema maziwa?"

"Hapana, Mwalimu, lakini watu wetu..."

Akanishika mkono, akanitoa nje. Ilikuwa asubuhi, mawingu hakuna. "Mlima Kenya ni ule pale. Ile nyeupe juu ni nini?"

"Ni theluji."

"Basi onyesha na kidole. Usinipikie."

Ningekuwa nimesikia hiyo maneno vizuri, haya mengine yote hayangetokea. Lakini Esinyen alizeeka, msichana wake akamchukua Lodwar, na mimi nikabaki peke yangu na maiki. Hakuna mtu tena wa kusimamisha muuza makaa.

Sasa, fimbo.

Jumapili moja somo lilikuwa kwa Mathayo, pale Yesu anatuma wanafunzi wake kumi na wawili. Anawaambia wasibebe mfuko, wasibebe nguo mbili, wala viatu, wala fimbo. Pasta amesoma, amenyamaza, ni zamu yangu. Nikafungua mdomo, nikaangalia benchi ya mbele. Wazee wetu wote wamekaa pale, wengine kwa kile kigoda kidogo cha kutembea nacho, na kila mmoja ana fimbo katikati ya magoti. Mturkana aende safari bila fimbo! Kuna nyoka, kuna fisi, kuna mbwa za watu. Hata akienda haja anaibeba. Niliona wazi kabisa vile watacheka. Niliona wakitoka nje wakisema huyu Yesu wa kina Mama Ekai hajawahi kutembea.

Na nilikuwa najua, maana nilikuwa nasoma sana, kwamba kwa Marko hiyo hiyo habari iko, na kwa Marko fimbo imeruhusiwa. Wasibebe kitu isipokuwa fimbo. Basi nikaenda kwa Marko na akili, nikatoa fimbo, nikaileta kwa Mathayo. Nikasema kwa Kiturkana: msibebe kitu, fimbo peke yake. Wazee wakatingisha kichwa, sawa sawa. Mimi nikajiona nimemsaidia Yesu.

Mkionja hiyo kitu mara moja haiachi. Luka naye anasema wasibebe fimbo, nikamrekebisha Luka. Vipofu wa Yeriko, Mathayo anasema walikuwa wawili, Marko anasema mmoja na anamtaja jina. Mimi nikawafanya wawili kila mahali. Jogoo wa Petro kwa Marko analia mara mbili, kwa wengine habari ya mara mbili hakuna. Wangu alilia mara moja tu, amemaliza. Malaika wa kaburini nikawapanga. Nilikuwa fundi wa kuziba. Na watu wangu ambao hawajui kusoma walikuwa wanasikia Biblia laini kama uji, haina hata donge moja.

Miaka tisa hivi.

Halafu akaja jirani yangu Bashir. Nyinyi mnamjua kama yule mzee wa lori ya bluu. Babu yake aliletwa hapa na jeshi ya wakoloni, wakabaki, kwa hivyo Bashir ni wa Isiolo kuliko wengi wetu. Anaongea Kisomali, Kiborana, Kiturkana ya kumshinda kijana wangu, na Kimeru ya kununua miraa. Lori yake inapeleka unga na sukari Sericho na kurudi na mbuzi. Idd wanatuletea nyama, Krismasi tunawapelekea chapati. Alikuja mchana mmoja na karatasi ya fotokopi imekunjwa kwa mfuko wa shati.

"Salaam... aah, habari, Mama Ekai."

"Nzuri, Baba Hodan. Ingia, chai iko."

"Chai nitakunywa, lakini kwanza nisaidie. Kulikuwa na mjadala wa dini pale steji, wakatupatia hii. Wanasema kitabu yenu inagombana yenyewe kwa yenyewe. Mimi sitaki vita na jirani, nataka tu kuelewa."

"Soma."

Akavaa miwani. "Yesu anatuma watu kumi na wawili. Hapa wabebe fimbo. Hapa wasibebe. Sasa mimi ni mtu wa lori. Nikipakia hao abiria wako nyuma, kuna fimbo ama hakuna? Nijue mapema, maana fimbo zinatoboa gunia za watu."

Nilicheka, maana jibu nilikuwa nalo kwa ulimi. Lakini kwa mlango alikuwa amekaa Ata Nakiru. Ata kwetu ni nyanya, na huyu alikuwa nyanya wa watu wengi. Alikuwa ameleta maziwa ya mbuzi, anangoja nimwage kwa sufuria nimrudishie kibuyu. Alisikia neno fimbo akamuuliza Bashir kwa Kiturkana wanaongea nini. Na Bashir, bila ubaya wowote, akamweleza yote.

Lazima niwaambie huyu mama alikuwa nani. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini mbuzi zake karibu mia alikuwa anazijua kwa uso, na mahubiri alikuwa anayashika hivyo hivyo. Ungemuuliza Pasaka ya mwaka juzi pasta alihubiri nini, angekuambia, na angekuambia pia nani alisinzia. Alikuwa amekaa darasa ya ubatizo miaka miwili na maswali yake yalikuwa yanamaliza chaki. Na zilikuwa zimebaki wiki tatu aingie maji.

Akamwambia Bashir, "Hakuna mahali wameambiwa wasibebe. Hiyo maneno nimeisikia mara nyingi. Kila mara fimbo iko."

"Hapana, Ata. Mathayo wamesema wasibebe. Na Luka. Ni huyu mmoja tu, Marko, anasema wabebe."

Ata Nakiru akageuza kichwa pole pole, akaniangalia.

"Nani ameweka fimbo?"

Ningeweza kusema hiyo karatasi ni ya uongo. Bashir angeamini, kwa heshima. Lakini yule mama alikuwa ananiangalia vile anaangalia mbuzi ya mtu mwingine imeingia kwa zizi yake.

"Ni mimi, Ata."

"Kwa nini?"

"Niliona wazee watacheka."

"Wazee wakicheka, Yesu anakufa?"

Akasimama, akachukua kibuyu yake bila kungoja niioshe.

"Sikiza, msichana." Nilikuwa na watoto wanne, bado ananiita msichana. "Mimi sijui kusoma. Kile najua cha huyu Yesu, chote, kimepita kwa mdomo yako. Sasa niambie. Zingine ni ngapi?"

Na hapo, vijana, ndipo nilishikwa. Kwa sababu sikujua. Sikuwa nimehesabu. Nilianza kufikiria, vipofu, jogoo, malaika, nikaona ziko zingine sizikumbuki hata mwenyewe.

"Basi mimi siingii maji," akasema, akaenda.

Bashir alikuwa ametoa miwani, anaikunja na kuikunjua. "Mama Ekai, nisamehe. Nimeleta moto kwa nyumba yako."

"Kunywa chai, Baba Hodan. Moto niliuwasha mimi."

Nilienda kwa pasta hiyo jioni. Pasta wetu wa wakati huo alikuwa mtu wa Nkubu, mkubwa, mpole. Nilimwambia yote, hata vile wazee walitingisha kichwa. Hakunikemea. Alifungua Biblia tatu juu ya meza, akaanza kunieleza. Labda kwa Mathayo anakataza kutafuta fimbo ingine mpya, na kwa Marko anaruhusu ile uko nayo tayari.

Nikasema, "Hiyo nimeelewa. Na Luka? Yeye anasema wasibebe, hasemi wasitafute."

Akakuna kichwa. Akasoma Luka tena. "Luka," akasema, "ananisumbua hata mimi."

Nilimpenda sana hapo. Kuna watu wangenifunika na maneno ya chuo mpaka nitoke nje nikishukuru na sijaelewa kitu. Halafu akaniambia jambo ambalo lilinichekesha nikitoa machozi. Zamani, kabla ya mitambo ya kuchapa, watu walikuwa wananakili Biblia kwa mkono, na huko chuoni walifundishwa kwamba kuna nakala zingine za zamani ambapo mwenye kunakili alifika kwa hiyo fimbo akaona inagongana, akageuza neno kidogo, akaandika fimbo nyingi, ili ionekane Yesu amekataza tu kubeba zaidi ya moja.

"Kumbe niko na ndugu zangu huko!" nikasema.

"Uko nao. Na tunawajua kwa sababu wengine wengi hawakugeuza. Tukiweka nakala pamoja, ile imerekebishwa inaonekana."

Nikamwomba aende kwa Ata Nakiru aniongelee. Akakataa. "Mama Ekai, mdomo ulikuwa wako. Nenda nao."

Ata alikuwa anakaa nje kidogo ya mji, ukielekea upande wa Leparua. Nilienda kwa miguu ili nipate nafasi ya kuogopa vizuri. Nilimkuta kwa zizi, hakuniambia karibu, hakuniambia toka. Nikamwambia nimekuja kusoma upya, kila kitu, mbele yake, bila kurekebisha.

"Na nani atajua hurekebishi?"

"Nitaapa."

"Sokoni wanaapa kila siku." Akafukuza mwanambuzi kwa mguu. "Ukiuza mnyama unaita mtu anakujua, na hana sehemu kwa huyo mnyama. Hauzi, hanunui. Anasimama hapo. Mlete mtu kama huyo."

"Nitaleta mzee wa kanisa."

"Huyo ako na sehemu. Lete yule wa lori."

"Ata! Bashir ni Mwislamu."

"Si ndiyo nasema? Hana sehemu."

Nilidhani Bashir atakataa. Nilimkuta ameinama chini ya lori, nikaiambia miguu yake. Bashir akatoka amejipaka grisi, akajifuta mikono.

"Nitashika kitabu yako kwa heshima," akasema. "Lakini nikiulizwa kama naamini kile yenu inasema, nitasema ukweli wangu. Usiniombee nikiwa hapo."

"Nitakuombea nyumbani."

"Nyumbani ni wewe na Mungu wako. Twende."

Kila siku alinawa mikono kabla ya kushika Biblia yangu. Mimi nasoma kwa Kiswahili kwa Biblia ya mtoto wangu, nasema kwa Kiturkana, na Bashir anafuata kwa yangu na kidole. Nikiteleza anainua hicho kidole. "Hapo umeruka." "Hapo umeongeza tamu." Alikuwa mkali kuliko Esinyen, na nasema hivyo kwa heshima ya wote wawili. Tulikaa hivyo wiki tatu, isipokuwa siku nne ambazo lori ilikwama njia ya Sericho na Ata Nakiru akanikatalia kabisa kusoma bila Bashir. Hiyo tarehe ya ubatizo ikafika tukiwa bado kwa Yohana. Wengine wakabatizwa, yeye akabaki anakamua mbuzi. Nilisimama mtoni hiyo siku nikitafsiria wengine na kila jina likiitwa nilikuwa namtafuta.

Lakini zile siku zilinifundisha kupima hizi karatasi kuliko kitu kingine chochote. Kwa sababu Bashir alikuwa nayo ile fotokopi, na kila tukifika mahali imetaja, tunasimama. Na Ata Nakiru, ambaye mimi nilikuwa namfichia eti asianguke, ndiye alikuwa anapima.

Tulifika kwa vipofu. Bashir akasema, hapa wawili, hapa mmoja. Ata akauliza, "Huyo wa mmoja, amesema alikuwa peke yake?"

Bashir akatafuta na kidole. "Hajasema."

"Nikikuambia nimekutana na Lokol barabarani, nimekuambia Lokol alikuwa peke yake? Nimekuambia Lokol kwa sababu Lokol ndiye unamjua." Na kweli, yule mmoja ndiye ametajwa jina. Basi tangu hiyo siku, mtu akiniletea karatasi, swali langu la kwanza ni hilo. Huyu amekataa kile mwenzake amesema, ama ameacha tu kukitaja?

Kwa jogoo Ata alicheka mpaka akashika mbavu. "Petro alikuwa analia ama alikuwa anahesabu?"

Karatasi ilikuwa na nyingine ya Agano la Kale, mazizi ya farasi za mfalme Sulemani. Mahali pamoja elfu arubaini, pengine elfu nne. Hiyo niliijibu mimi, kwa sababu yangu mwenyewe. Nikiwa darasa ya jioni walinipatia kazi ya kunakili namba za nyimbo kwa ubao wa kwaya. Nikakosea tarakimu moja. Bibi arusi akaingia kanisani na kwaya ikamwimbia wimbo wa kuteremsha jeneza, ubeti mzima, kwa sababu mwalimu wa kwaya alikuwa mtu wa kufuata ubao. Mkono wa mtu ukinakili unachoka. Sisemi najua ndivyo ilikuwa kwa Sulemani, nasema mimi siwezi kushangaa. Na hakuna mtu amewahi kuokoka ama kupotea kwa sababu ya hesabu ya farasi.

Tena, msisome ile mstari karatasi imekukatia. Anza juu kabisa mahali habari inaanza, usome mpaka iishe. Bashir mwenyewe ndiye aliona. Alisema, "Hawa watu wa fotokopi wamefanya kama mtu anauza ng'ombe kwa kuonyesha mkia." Karatasi yake ilikuwa na hoja arubaini, na nyingi ziliisha hivyo tu, kwa kusoma ukurasa mzima. Si zote.

Maana tulifika kwa fimbo. Tukasoma Mathayo, tukasoma Marko, tukasoma Luka. Nikaeleza ile maelezo ya pasta, nikaeleza vile kwa Luka haikai vizuri. Bashir akaweka kidole kwa ukurasa.

"Sasa?"

"Sijui, Baba Hodan."

Bashir akaondoa kidole. "Nilidhani utapigana."

"Ningepigana, ningeweka fimbo yangu tena."

Ata Nakiru akauliza, "Hawa walioandika kwa mkono, walikuwa wanajua kusoma?"

"Ndiyo, Ata."

"Kwa hivyo waliona. Hapa iko, hapa haiko."

"Lazima waliona."

"Na wakaiacha hivyo."

Nikamwambia kweli ya pasta, kwamba wengine waligeuza, lakini wengi waliiacha.

"Hao walioacha walikuwa watu wa kweli," akasema. "Mtu akitaka kukudanganya, anapanga maneno yake kwanza. Kama wewe. Wewe uliogopa kicheko ya wazee watano. Hao hawakuogopa." Halafu, kama mtu anaongea na mbuzi zake, "Na mkate hawakupewa. Mfuko hawakupewa. Hiyo hakuna mahali wamegombania. Walitumwa kwa watu hawawajui, na tumbo tupu. Hiyo ndiyo ngumu. Fimbo ni nini?"

Nimekaa na hiyo maneno miaka mingi. Mimi nilikuwa nasimama kanisani nikidhani Biblia ni kama ukuta ya udongo, ikipata ufa lazima nikimbie na tope. Na kumbe wako watu, hatujui hata majina yao, walikaa wakinakili usiku na mchana, macho yakiuma, wakafika kwa hiyo fimbo, wakajua mtu atakuja siku moja na karatasi kuwacheka, na bado mkono wao ukaandika kile walikuta. Mimi hao nawaheshimu sana. Nikifika mbinguni nataka kuwaona, na nitaona haya kidogo.

Tulipata mahali kumi na moja nimerekebisha. Bashir aliandika zote nyuma ya ile fotokopi yake, akanipa. Na kama mnataka kuuliza, hapana, hakubatizwa. Ni Mwislamu mzuri mpaka leo. Lakini pale steji wakimuuliza juu ya ile karatasi huwa anawaambia, "Mmesoma ukurasa mzima?" Na wakimwambia basi amekuwa Mkristo, anawaambia hapana, amekuwa msomaji.

Ata Nakiru akataka kanisa isikie. Jumapili pasta alinipa maiki kabla ya mahubiri. Nilisema kwa Kiturkana kwanza, kwa sababu wenye nilidanganya ni hao. Nikataja zote kumi na moja, moja moja. Na upande wa vijana wa mjini ambao Kiturkana imewapotea wanaanza kunong'ona, "Amesema nini? Amesema nini?" na hakuna mtu wa kuwatafsiria, mtafsiri ni mimi niko kwa kesi. Ikabidi nijitafsiri mwenyewe, niaibike mara ya pili kwa Kiswahili. Mzee mmoja wa mbele akasimama na fimbo yake akasema, "Kwa hivyo Mathayo alisema tuache?" Nikasema ndiyo. Akacheka kweli, wote wakacheka, vile nilikuwa nimeogopa miaka tisa. Halafu wakakaa, wakataka pasta aendelee. Ilikuwa imeisha.

Yeye Ata hakusema kama amekubali. Alipita mlangoni akanisalimia kama mtu yeyote. Lakini wiki iliyofuata pasta aliniambia tujitayarishe, kuna mtu mmoja wa kubatizwa.

Tulienda mtoni asubuhi, pale maji yanakusanyika kidogo kwa mawe. Hayakuwa mengi, yalikuwa yanafika kiunoni kwa mtu mfupi, na yalikuwa baridi ile ya kutoka mlimani. Pasta ameingia, anatetemeka na anajifanya hatetemeki. Ata Nakiru amesimama ukingoni, mimi kando yake. Pasta akauliza kwa Kiswahili kama anamwamini Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, nikamrudishia kwa Kiturkana, neno kwa neno, polepole.

Yeye hakujibu neno moja. Alijibu maneno mengi, kwa Kiturkana, kwa sauti, na watu wote wako pale. Pasta akaniangalia, anangoja. Ningeweza kusema "ndiyo" tu. Pasta angefurahi, maji ilikuwa baridi, na ndiyo ilikuwa ndani ya yale maneno, singekuwa nimedanganya sana. Nilimwangalia Ata Nakiru. Alikuwa anaangalia mdomo yangu. Kiswahili yake ilikuwa ya kuuza mbuzi tu, anajua bei, anajua matusi, na kuna neno moja alikuwa analijua vizuri kabisa.

Nikasema, kwa sauti ile ile yake, "Ata Nakiru anasema anaamini. Anasema alichelewa kwa sababu huyu mama anayetafsiri alikuwa mwongo."

Akatingisha kichwa, akanipa leso yake nimshikie, akaingia maji.